Daraja au pantoni: hela inaliwa wapi zaidi?

Swali: *Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mfanyabiashara wa machungwa na samaki hapa Nansio, Ukerewe. Kwa miaka mingi nilikuwa navuka Kigongo–Busisi kupeleka mzigo Geita, na tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 napita hapo kwa dakika chache tu. Lakini kurudi nyumbani kwa barabara bado ni pantoni ya Kisorya–Rugezi, na ikiharibika tunalala ng'ambo. Kijiweni tunabishana kila siku. Wengine tunasema hela inayonunua vivuko, mafuta na matengenezo ingekusanywa ikajenga daraja mara moja tukapumzika. Wengine wanasema daraja ni anasa kwa kisiwa kama chetu. Nani yuko sahihi?*

Jibu: Ndugu yangu wa Nansio, nashukuru kwa swali hili. Tangu nianze kazi ya hesabu za barabara na vivuko sijaulizwa jambo mara nyingi kama hili. Wanaosema daraja ni ghali wana haki. Wanaosema pantoni inakula hela bila kushiba nao wana haki. Shida ni kwamba kila upande umeshika daftari moja, na gharama ya kuvuka maji huandikwa katika madaftari mawili. La kwanza liko serikalini: bei ya chombo, mafuta, mishahara, ukarabati. La pili halijaandikwa popote, limo mifukoni mwenu ninyi mnaosubiri gatini. Nitayafungua yote mawili, na nakuomba uwe na subira na namba, maana ubishi wa kijiweni kwenu hauwezi kuisha bila namba.

Tuanze pale unapopajua, Kigongo. Daraja la JP Magufuli lina urefu wa kilomita 3. Ujenzi ulianza Februari 2020, likafunguliwa Juni 19, 2025, na limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700 kutoka hazina ya serikali. Kivuko cha MV Mwanza, kilichokuwa kikivusha watu papo hapo, kilijengwa kwa karibu bilioni 9, na kinabeba watu 1,000 na magari 36 kwa safari moja. Gawanya 700 kwa 9: unapata vivuko 77 na chenji inabaki. Mtu akiishia hapo, atakwambia kwamba bilioni 700 zingetosha kujaza vivuko Ziwa Victoria lote, kila kisiwa kikapata chake. Hiyo ndiyo hoja ya wenzako wanaoita daraja anasa, na si hoja ya kijinga hata kidogo.

Ila imeruka mambo. Daraja la aina ile husanifiwa kudumu miaka 100. Kivuko kikitunzwa vizuri sana kinafika miaka 30, tena kwa kubadilishiwa injini njiani. Na huwezi kuendesha kituo chenye magari mengi kwa chombo kimoja, lazima viwe viwili au vitatu, kimoja kikiwa kwenye chelezo, yaani kimepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, vingine viendelee. Halafu kila siku ya Mungu kivuko kinakunywa dizeli na kinalipa manahodha, mafundi, mabaharia, wakata tiketi na walinzi. Daraja likishasimama halinywi kitu. Linahitaji rangi, viungio vya kubadilisha, nyaya za kukagua na mizani ya kuzuia malori yaliyozidisha uzito, lakini gharama hizo ni ndogo mbele ya bei yake.

Upande wa pili nao kuna jambo ambalo wapenda madaraja hulisahau kila mara: hela yenyewe ina bei. Bilioni 700 zilizozama kwenye nguzo leo hazijengi hospitali leo, na kama zimekopwa zinalipiwa riba. Sisi wa hesabu hizi huwa tunaitoza hela hiyo asilimia fulani kwa mwaka, hata kama haikukopwa. Nikichukua asilimia 5, ambayo ni ya upole, bilioni 700 zinagharimu kama bilioni 35 kila mwaka kwa miaka 100. Ongeza bilioni 1 ya matunzo, iwe 36.

Sasa vivuko. Hapa natumia makadirio yangu ya mfano ili uone hesabu inavyotembea, usiyachukue kama taarifa ya serikali. Tuseme vivuko vitatu, kila kimoja bilioni 9, kwa miaka 30. Kwa asilimia ile ile 5, hiyo ni karibu bilioni 2 kwa mwaka. Tuseme kila kivuko kinakula bilioni 3 kwa mwaka kwa mafuta, watu na ukarabati. Jumla yake ni bilioni 11. Katika daftari la serikali, basi, pantoni imeshinda: bilioni 11 dhidi ya 36. Tofauti ni bilioni 25 kila mwaka. Ukiona mtu wa hazina anasitasita kutia sahihi ujenzi wa daraja, jua ana namba kama hizi mbele yake.

Fungua sasa daftari lenu.

Kabla ya daraja, magari yaliyovuka Kigongo–Busisi yalikadiriwa kuwa 1,600 kwa siku. Tuseme kila gari, ukichanganya mabasi na pikapu, lina watu 8, na kila mtu anapoteza saa moja na nusu kwa kusubiri, kupakia, kuvuka na kushuka. Hizo ni saa 19,200 kwa siku. Tuipe saa moja thamani ya shilingi 1,500, ambayo wewe mwenyewe utaona ni ndogo kwa mfanyabiashara. Unapata karibu milioni 29 kila siku, au bilioni 10 na nusu kwa mwaka. Hela hiyo haikuonekana kwenye bajeti yoyote, lakini ililipwa. Ililipwa na mama aliyechelewa mnadani, na dereva aliyelipwa kwa tripu moja wakati angeweza kupiga mbili, na mwalimu aliyefika darasani saa nne.

Niliwahi kukaa upande wa Busisi usiku mmoja nikihesabu magari. Mbele yangu lilisimama lori la sangara linalokwenda kiwandani Mwanza. Barafu ilikuwa inayeyuka, maji yanadondoka chini ya bodi, tone baada ya tone, yanafanya kijito kidogo chekundu kuelekea ziwani. Dereva alikuwa anazunguka lori, anainama, anaangalia kile kijito, anatazama taa za pantoni ng'ambo ambayo haijaanza kurudi, kisha anazunguka tena. Nyuma yake likaja gari la wagonjwa linakwenda Bugando. Walinzi wakasogeza foleni, wakalipitisha mbele kabisa, karibu maji yaguse tairi. Haikusaidia kitu. Pantoni ilikuwa upande wa pili. Nesi akashuka, akasimama na simu mkononi. Katika karatasi yangu ya kuhesabia nilikuwa na mstari wa malori, wa mabasi, wa magari madogo. Sikuwa na mstari wa kuandika kile nilichokuwa nakiona, na mpaka leo sijapata njia ya kukipa bei ambayo nafsi yangu inaikubali.

Turudi kwenye namba. Tofauti ilikuwa bilioni 25, na muda wa watu ni bilioni 10 na nusu. Kwa magari 1,600, basi, muda peke yake haulipi daraja. Nasema hivi ingawa nalipenda daraja lile. Lakini kwa makadirio hayo hayo, magari yakifika kama 3,800 kwa siku, muda peke yake unalipa. Na kwa kweli mzani unageuka mapema zaidi, kwa sababu magari yakiongezeka kwenye kivuko foleni hairefuki kidogo kidogo, inaripuka. Daraja la Kigongo lina uwezo wa kupitisha magari 12,000 kwa siku. Ukigawanya ile bilioni 36 ya mwaka kwa magari 1,600, kila gari linagharimu karibu shilingi 62,000 kwa kuvuka mara moja. Igawanye kwa 12,000, inashuka mpaka kama 8,200. Daraja ni lile lile na bei ni ile ile. Kilichobadilika ni idadi ya wanaopita. Hapo ndipo ugomvi wenu wa kijiweni unapoamuliwa, ndugu yangu. Bei ya daraja peke yake haisemi kitu mpaka ujue litabeba wangapi.

Malori huharakisha sana jambo hili. Muulize dereva yeyote wa masafa aliyekwenda Botswana kupitia Kazungula, pale Zambezi. Enzi za pantoni pale, malori yalilala foleni kwa siku nyingi, kwa sababu chombo kilivusha lori moja moja. Daraja la mita 923 lililofunguliwa Mei 2021 liligharimu kama dola milioni 259. Lilihalalishwa na mizigo ya nchi kadhaa iliyokuwa imekaa juani. Kwetu kusini, watu wa Lindi na Mtwara wanakumbuka kivuko cha Ndundu kwenye Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa, mita 970, kufunguliwa mwaka 2003. Wakati wa masika mto ukifura mikoa miwili ilikuwa kama imefungiwa mlango. Katika mahali kama hapo hata hesabu ya magari ya siku inadanganya, kwa sababu magari ni machache pale ambapo watu wameshakata tamaa ya kusafiri. Ukihesabu wanaovuka tu, umewasahau walioacha kuja.

Kuna kitu kingine kinachoamua bei, nacho ni maji yenyewe. Watu hudhani upana ndio kila kitu. Nenda Likoni, Mombasa. Mlango ule wa bahari una upana wa kama mita 500, unaweza kumwona mtu wa ng'ambo na kumtambua kwa kanga yake. Feri zinavusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, waendao kwa miguu hawalipi hata senti, na kwa miaka yote hiyo hakuna daraja la magari pale. Sababu iko juu, haiko chini: meli zote kubwa za bandari ya Kilindini zinapita hapo. Daraja lililosanifiwa kwa ufadhili wa Japani linatakiwa kuacha nafasi ya karibu mita 69 kutoka usawa wa maji mpaka tumbo la daraja. Gari haliwezi kupanda mita 69 ghafla, linahitaji mteremko mrefu wa taratibu pande zote mbili, na mteremko huo unapita juu ya mitaa yenye nyumba, misikiti, makanisa na maduka. Fidia, nguzo ndefu, nyaya: mita 500 za maji zinageuka kuwa kilomita kadhaa za zege. Ndiyo maana Kenya ilianza kwa kuzunguka, ikajenga barabara ya Dongo Kundu iliyokamilika 2024 pamoja na daraja la Mteza la zaidi ya kilomita moja, ambalo limekuwa rahisi kwa sababu huko ndani ya ghuba meli kubwa hazifiki.

Kina cha maji nacho kinaamua bei. Norway ina hela kuliko sisi wote tukichangishana, lakini mpaka leo barabara zake nyingi za pwani zinaishia kwenye kivuko. Mwambao wake umekatwa na ghuba zilizozama sana kati ya milima. Ile ya Sognefjord inapita mita 1,300 kwenda chini, na huwezi kusimamisha nguzo ya kawaida humo. Walichofanya ni kuboresha vivuko: tangu 2015 kipo kinachotembea kwa betri tupu, kinachajiwa gatini wakati magari yanashuka. Ziwa letu ni jepesi mno ukilinganisha, mahali penye kina kirefu zaidi ni kama mita 80, na Ghuba ya Mwanza ni ya kina kifupi. Hilo lilisaidia sana Kigongo.

Sasa nikupeleke Kigamboni, Dar es Salaam, kwa sababu hapo kuna somo ambalo watu wa Ukerewe mnalihitaji kuliko mengine yote. Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016. Lina mita 680 na njia sita, na liligharimu kama dola milioni 136, sehemu kubwa ikitoka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wengi tulitarajia pantoni ya Magogoni ife kifo cha kawaida. Haikufa. Nenda asubuhi saa moja uone umati unavyomwagika kutoka Feri kuelekea Posta, kama mtu amefungua mlango wa uwanja wa mpira. Daraja liko Kurasini. Mwenye gari amefurahi. Lakini mtu anayetembea kwa miguu, anayeuza nyanya au anayefanya kazi Kivukoni, daraja linamzungusha kilomita nyingi na nauli mbili za daladala, wakati pantoni inamshusha katikati ya mji kwa shilingi 200. Kwa hiyo Dar es Salaam sasa inalipia vyote viwili. Silaumu, mji mkubwa unaweza kuhitaji vyote viwili. Nasema tu kwamba anayekuahidi kuwa daraja litafuta gharama ya kivuko, mwulize kwanza daraja litatua wapi.

Kigamboni palizua pia swali la nani analipa. Hela ya NSSF ni akiba ya wafanyakazi, lazima irudi, hivyo magari yakawekewa tozo, wananchi wakalalamika kwa miaka, mpaka Mei 2022 tozo zikapunguzwa na kukawekwa malipo ya wiki na ya mwezi. Uganda wamekwenda njia nyingine: vivuko vya serikali vinavyounganisha barabara havilipishwi, kwa hoja kwamba kivuko ni barabara tu inayoelea. Mimi naikubali hoja hiyo. Hakuna anayekata tiketi kupita lami ya Mwanza–Musoma, sasa kwa nini mtu wa kisiwani alipe kwa sababu tu kipande chake cha barabara ni maji?

Wazo lenu, la kukusanya hela ya vivuko ijenge daraja, siyo ndoto ya kijiweni. Limewahi kufanyika kwa ukamilifu. Kisiwa cha Prince Edward, Kanada, kilipojiunga na nchi hiyo mwaka 1873 kiliahidiwa ndani ya masharti ya muungano kwamba serikali kuu itahakikisha usafiri wa meli kati yake na bara. Kwa zaidi ya miaka 100 serikali ikawa inatia ruzuku kwenye vivuko. Miaka ya 1990 wakakaa wakahesabu: ruzuku hii ni kiasi gani kwa mwaka? Ikafika kama dola milioni 42 za Kanada. Wakamwambia mjenzi binafsi: jenga daraja kwa hela yako, sisi tutakulipa kiasi hicho hicho kila mwaka kwa miaka 35, na utatoza magari kwa muda huo, kisha daraja ni letu. Daraja la kilomita 12.9 likafunguliwa mwaka 1997, na vivuko vya njia ile vikasimama. Wakabadilisha hata katiba, ahadi ya meli ikawa ahadi ya daraja.

Mbona basi tusifanye hivyo hapa? Kwa sababu ya ile bilioni 11. Ruzuku yao ilikuwa kubwa kwa kuwa vivuko vyao vilikuwa vikubwa, vilipasua barafu wakati wa baridi, na mishahara ya mabaharia ilikuwa juu. Sisi vivuko vyetu vinagharimu serikali kidogo, na mara nyingi vinagharimu kidogo kwa sababu vimenyimwa. Hapa nataka nikae kidogo, maana naliona kosa kubwa.

Kivuko hakiharibiki siku moja. Fundi anajua miezi sita kabla kwamba injini ya kushoto inatoa moshi mwingi, kwamba bati la chini limelika, kwamba mlango unaoshuka gatini umepinda na magari ya chini yanakwaruza. Anaandika. Hela haiji, au inakuja nusu. Injini moja inazimwa, chombo kinatembea kwa iliyobaki, safari ya dakika 20 inakuwa 40, foleni inaongezeka, watu wanasukumana kupanda. Mwishowe chombo kinatolewa kabisa, na bei ya kukitengeneza imekuwa mara kadhaa ya ile aliyoiomba fundi. MV Magogoni, chenye uwezo wa kubeba watu 2,000, kilipelekwa Mombasa mwaka 2023 kwa ukarabati wa zaidi ya bilioni 7, karibu bei ya kujenga kivuko kipya cha ukubwa wa kati, na kukaa kwake huko kulirefuka kuliko ilivyopangwa huku watu wa Kigamboni wakisongamana kwenye vilivyobaki. Pantoni iliyonyimwa matunzo ndiyo njia ghali kuliko zote za kuvuka maji, daraja likiwemo.

Na ninyi wa Ukerewe mnajua ghali nyingine, sihitaji kuwaeleza. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilitoka Bugolora siku ya mnada, imejaa watu na mahindi na magunia na kreti, ikapinduka ikiwa imebakisha mita chache kugusa gati la kisiwa cha Ukara. Chombo kile kilikuwa cha watu 101. Waliokufa walizidi 220. Kivuko kilichojengwa baadaye, MV Ukara II, ni cha watu 300. Nimelitazama pengo hilo mara nyingi: kutoka 101 mpaka 300. Watu wale hawakuzaliwa baada ya ajali. Walikuwepo, walikuwa wanavuka kila Alhamisi, na mtu yeyote angekaa gatini na kalamu siku moja ya mnada angeona kwamba chombo hakiwatoshi. Mtongwe, Mombasa, Aprili 29, 1994, walikufa watu 272 kwa sababu hiyo hiyo ya kujaza kupita kiasi. Katika vitabu vya hesabu maisha hupewa bei, na mimi nimefundishwa namna ya kuiweka. Sitaiweka hapa.

Kwa Ukara daraja si jibu la kizazi hiki, na ningekudanganya nikikwambia vinginevyo. Watu ni wachache mno kwa urefu wa maji, na hata ukishalijenga linatua kwenye kisiwa kingine ambacho nacho kinahitaji kivuko. Jibu lake ni chombo cha kutosha, cha akiba kikiwa karibu, na nahodha mwenye mamlaka ya kukataa kung'oa nanga hata mheshimiwa akiwa ndani.

Kwa Rugezi–Kisorya, maoni yangu ni haya. Nyuma ya maji yale kuna wilaya nzima yenye mji, hospitali, shule, na mzigo wa samaki na matunda unaotoka kila siku. Si anasa hata kidogo kuliwazia daraja. Lakini halitajengwa kwa hela itakayookolewa kwenye pantoni, kwa sababu hela hiyo ni ndogo mno. Likijengwa, litajengwa kwa sababu serikali imekubali kulihesabu daftari lenu. Na kwenu daftari hilo lina ukurasa ambao Kigongo haukuwepo: wengi wenu mnakwepa pantoni kwa kupanda meli ya Nansio–Mwanza au mitumbwi, kwa hiyo mtu akihesabu magari ya Rugezi peke yake atapata namba ndogo kuliko ukweli.

Wakati huo huo msikubali neno "daraja linakuja" litumike kuacha pantoni ioze. Kigongo vivuko viliendelea kufanya kazi kwa miaka yote 5 ya ujenzi, na ndivyo inavyopaswa. Tena kivuko kina sifa moja ambayo daraja halina: kinahamishika. Daraja likijengwa mahali wasipopita watu limekwisha, limebaki pale pale kwa miaka 100. Kivuko cha Kigongo kinaweza kuhamishiwa penye uhitaji. Kwa hiyo kabla ya daraja, nyie ombeni vivuko viwili vizima, tarehe ya chelezo inayojulikana na watu wote, na zamu ya usiku kwa ajili ya wagonjwa. Hivyo vyote kwa pamoja havifiki hata asilimia 5 ya bei ya daraja kama la Kigongo, na vinaweza kuanza mwaka huu wa fedha.

Na kijiweni, badala ya kubishana, gawaneni zamu. Wiki moja nzima, watu wawili pale Rugezi, na mmoja gati la meli Nansio. Hesabuni magari, pikipiki, watu wa miguu, magunia na matenga ya samaki, siku ya mnada na siku isiyo na mnada, tangu safari ya kwanza mpaka ya mwisho. Andikeni saa ambayo kila gari lilifika foleni na saa lililopanda. Halafu andikeni pia, kila jioni, ni wangapi walioachwa gatini chombo cha mwisho kilipoondoka. Hiyo namba ya mwisho ndiyo ambayo sijawahi kuiona kwenye taarifa yoyote niliyoletewa mezani, na ndiyo ningeiomba kwanza kama ningepewa kazi ya kuamua.